Kutafuna kwa Sauti

Wali ukishika chini ya sufuria, harufu yake hunirudisha Michenga, nyumbani kwa Bibi mzaa mama, miaka michache kabla ya Uhuru. Wajukuu wangu hupiga kelele, "Bibi, unaunguza!" Mimi nimesimama tu na mwiko mkononi. Msidhani nasikia uchungu, jamani. Sisikii kitu, na hicho ndicho ninachotaka kuwasimulia.

Mama alipougua alipelekwa hospitali Ifakara kwa machela, bonde likiwa limejaa maji, akarudi kwa machela ile ile, amefunikwa uso. Watu walilia. Mimi niliangalia matope miguuni mwa wabebaji nikawaza kwamba watachafua uwanja nilioufagia asubuhi. Mama mdogo akanifinya. "Lia, mtoto! Watu watasemaje?" Nikawaangalia wanawake wanavyofanya, nikaweka mikono kichwani kama wao, nikaachama mdomo kama wao. Machozi hayakuja. Nilikuwa na ganzi mwili mzima, ganzi ile ya mguu uliokaliwa vibaya.

Kwetu msiba hauendi bila watani. Siku ya matanga mtani wetu mmoja, mama mnene jina lake Sekunda, alijifunga kanga ya marehemu, akachukua ungo, akaanza kupepeta kama yeye: bega la kushoto juu, ncha ya ulimi nje, na kale kakohozi kake. Watani ndivyo walivyo, humwigiza marehemu mpaka wafiwa wacheke na machozi yao usoni. Na watu walicheka kweli. Hata Baba, aliyeitwa kutoka kambi ya wavuvi huko mtoni, aligeukia ukutani, mabega yakimtikisika.

Mdogo wangu Beno hakucheka. Ndio kwanza alikuwa akijifunza kusema. Alichomoka mapajani pangu, akakimbia, akaikumbatia ile kanga kwa mikono yote miwili. "Mama!" Sekunda akageuka, Beno akauona uso. Sekunda, mwanamke asiyejua aibu, akaifungua kanga taratibu, akaiweka chini, akaenda kukaa peke yake jikoni.

Tangu siku ile Beno hakula. Uji alitema, ndizi mbivu alitema, mchuzi wa perege aliuzibia midomo mpaka ukamtiririka kidevuni. Bibi alimbembeleza kwa utani wa bibi na mjukuu: "Mume wangu, ukifa wewe mimi nitaolewa na nani?" Wapi! Majirani wakaanza kunong'ona kwamba mama anamwita mwanawe. Nilikuwa nambeba mgongoni na kila siku alikuwa mwepesi zaidi. Nilijua anakufa. Nilijua hivyo bila kushtuka, kama mtu anavyojua kwamba mvua itanyesha. Mimi mwenyewe nilikuwa sili, chakula changu nilikuwa nawamwagia kuku, na nilidhani hakuna aliyeona.

Kuku wenyewe walikuwa vifaranga tu. Kicheche alikuwa amemla mama yao, wakabaki wanalia juu ya chenga za mchele wasijue kwamba kile ni chakula. Bibi alichuchumaa, akagonga ardhi kwa kidole penye zile chenga, to, to, to, huku akitoa sauti ya kooni kama kuku mwenye wana. Kifaranga mmoja akadonoa pale pale alipogonga. Wa pili akamtazama wa kwanza, naye akadonoa. Punde wote wakawa wameinamisha vichwa.

"Umeona, mke mwenzangu?" Bibi aliniambia. "Hawa hata uwahubirie kama katekista, hawali. Wanataka waone mdomo wa mwenzao unakwenda."

Mchana ule akapakua wali ulioshika chini na perege kwenye sinia moja, akaketi mbele yetu, akala. Loo, alivyokula! Alitafuna kwa sauti, akafyonza miba, akalamba vidole, akaguna "Mmmh!" Na huyo ndiye Bibi yule yule aliyekuwa akitupiga vibao tukilamba vidole. Nilimchukia. Nilisema moyoni, mwanawe kaburi lake bado bichi, na yeye anakula namna hii.

"Kula na wewe," akasema bila kuniangalia. "Mtoto anakutazama wewe, hanitazami mimi."

Nikatia tonge mdomoni. Halikuwa na ladha yoyote. Nikatafuna kwa sauti kama yeye, nikaachama Beno aone, nikaguna "Mmmh!" Beno alikaza macho kwenye midomo yangu. Nikala tonge jingine, na jingine. Kisha yeye, badala ya kunyoosha mkono, akaweka mikono nyuma, akainama juu ya sinia, akadonoa wali kwa mdomo. Alikuwa ameiga vifaranga! Punje zikamganda puani. Bibi alicheka akashika mbavu, nami nikacheka kwa kumfuata yeye, maana nilikuwa nimesahau kicheko kinaanzia wapi. Beno akadonoa tena.

Alikula hivyo muda mrefu, wageni wakishangaa, mpaka mkono ukakumbuka kazi yake. Leo ni babu mwenye kitambi.

Lakini mimi sikumsamehe Bibi upesi. Nilikua nikiamini kwamba alikuwa na roho ngumu. Alipofariki, nami nikiwa na watoto wangu, tulikuwa tunachambua mchele wa matanga na Mama mdogo nikayatoa ya moyoni: kwamba mama yetu alipokufa, Bibi alikula kama yuko arusini.

Mama mdogo akaacha kuchambua.

"Nani, yule? Akishawalisha alikuwa anakwenda nyuma ya migomba anatapika chote. Mimi ndiye niliyekuwa nampelekea maji ya kusukutua. Nikamwambia, mama, acha, utajiua, Beno anamtazama dada yake, hakutazami wewe. Akasema, 'Najua. Beno ana dada yake wa kumtazama. Na huyo dada mtu, amtazame nani?'"

Akarudia mchele wake. Miaka yote ile nilikuwa nimeamini kwamba mtoto aliyekuwa akiokolewa pale kwenye sinia alikuwa mmoja.