Ng'ombe Huyu ni wa Nani?

Jumamosi ile nilikwenda uwanjani na kisu mfukoni, kimenolewa hasa, nikarudi nacho nyumbani hakijagusa hata mshipa. Aliyeninyima nyama ni jirani yangu Wegesa, na kwa siku mbili nzima sikumsalimia. Leo nasimulia habari zake kwa sababu nimeshamsamehe, tena nampenda kuliko zamani.

Wegesa ni mjane wa miaka sitini na mitatu, mfupi, mwenye mikono minene, ng'ombe watatu na sauti ya kutosha kijiji kizima. Hapa kwetu, kata ya Nyarero, hakuna harusi wala msiba unaopikwa bila yeye. Masufuria makubwa ni yake, mwiko mrefu ni wake, na amri zote za jikoni ni zake. Mimi nimefundisha shule ya msingi miaka thelathini na mmoja na watoto walinitetemekea, lakini nikisogea kuonja mchuzi wa Wegesa napigwa mwiko mkononi mbele za watu.

Sheria yake kubwa ni moja. Kabla moto haujawashwa, mwenye mnyama asimame aseme: huyu ni wangu, nimempata kwa fulani, nimemtoa kwa ajili ya jambo hili. Asiposema, sufuria haipandi mafigani. Anayemwona mkaidi hajui alikotoka. Alipokuwa binti, baba yake alikaribishwa nyama kwa rafiki, akala, akashiba, akasifu. Siku ya tatu wafuata nyayo wakafika na mikuki, kumbe ng'ombe yule alikuwa wa wizi. Kwetu nyayo za ng'ombe aliyeibwa zikiishia kwako unalipa wewe, na siku zile aliyekula alilipa pamoja na aliyechinja. Mzee akatoa ng'ombe wanne kwa ajili ya ubavu mmoja. "Tulikunywa chai ya rangi miaka miwili," Wegesa hupenda kusema, na hapo hucheka, ingawa sidhani kama wakati ule alicheka.

Basi ukaja mwaka wa uchaguzi wa serikali za mitaa, na Nelson akachukua fomu ya uenyekiti wa kijiji. Nelson ni mtoto wa marehemu dada yake Wegesa. Wegesa ndiye aliyemlea tangu akiwa na miaka minne, akamsomesha kwa kupikia sherehe za watu. Siku ya fomu alipiga vigelegele hadi kuku wakakimbilia migombani.

Miezi michache kabla ya hapo, wageni wa kampuni moja ya kokoto walikuwa wamepita kilima cha Nyabikonge wakiyapaka mawe rangi nyekundu. Walitaka kilima chote wakivunje. Chini ya kilima hicho ndipo ilipo chemchemi yetu, isiyokauka hata kiangazi kikiwa kikali namna gani, na nusu ya ng'ombe wa kijiji hunywa hapo, wakiwemo wale watatu wa Wegesa. Tulinung'unika wiki mbili, kisha mahindi yakakomaa, tukasahau. Katika kusahau sisi ni hodari.

Kampeni zilipoanza, Nelson, ambaye majuzi tu alikuwa akiazima baiskeli yangu, akawa na fulana mia mbili zenye picha yake. Halafu Jumamosi hiyo kanta, lile lori dogo, ikaja uwanjani, ikashusha dume kubwa jekundu. Watu wakashangilia. Mimi nikapapasa kisu changu.

Wegesa alikuwa ameshapanga mafiga. Akamzunguka ng'ombe taratibu, akatazama masikio, akatazama chapa ya pajani.

"Chapa hii siijui," akasema. "Nelson, mura, kijana wangu, ng'ombe huyu ni wa nani?"

"Ni wetu sote, mama. Washa moto."

"Wetu sote wapi? Alizaliwa zizi gani?"

"Ametolewa na mdau wa maendeleo."

"Huyo mdau ni wa ukoo gani? Aje asimame hapa aseme, kama wanavyosema wenzake."

Watu wakacheka. Nelson naye alijaribu kucheka, lakini kicheko hakikufika mbali. Wegesa akamgeukia dereva wa kanta, mtu mzima wa kuitwa tata, yaani baba, aliyekuwa akitafuna muwa mlangoni mwa gari. "Nawe, tata, ulimpakia wapi?"

Dereva hakuwa na sababu ya kudanganya, wala hakuna aliyekuwa amemwambia adanganye. "Kambini kwa watu wa kokoto," akajibu, akaendelea na muwa wake.

Wegesa akaweka mwiko chini. Niliona macho yake yamejaa machozi, na hayakuwa ya moshi, maana moto haukuwa umewashwa.

"Nisikilize, mura. Nyayo za ng'ombe huyu zitakuja. Zitakuja ukishakalia kiti, ziingie mpaka ofisini kwako, ziseme ulikula, sasa lipa. Na hawatataka ng'ombe. Watataka kilima. Utalipa wewe uliyechinja na tutalipa sisi tuliokula. Mimi nililipa nikiwa mtoto. Silipi tena."

"Mama, unaniaibisha mbele ya wapiga kura."

"Ndiyo, nakuaibisha. Na nakupenda. Kura yangu ni yako hata leo, lakini sufuria yangu hupati."

Nelson akaondoka bila kuaga, dume likabaki uwanjani. Watu wakatawanyika wakilaumu, na ukweli usemwe, waliyemlaumu ni Wegesa, nami nilikuwa mstari wa mbele. "Nyama haina siasa," nilimwambia. Akanijibu, "Mwalimu, si wewe ndiye wa hesabu? Fanya hii: chukua sahani moja ya nyama, toa chemchemi. Halafu kesho ng'ombe wako wanywe wapi?" Nikaenda kula ugali na dagaa, nimenuna.

Jumatatu nilikuwa nimepata jibu. Nikaenda kumwomba radhi, naye hata hakunikaribisha kiti, alinipa kazi. "Una daftari jipya?" Alikuwa ameamua kwenda kwa wazee kuomba ritongo, lile baraza letu la watu wote ambalo kwa kawaida huitishwa ng'ombe wakiibwa. Wazee walimuuliza ni nani aliyeibiwa. "Bado," akasema. "Kwani lazima tusubiri?"

Alhamisi tukakaa. Wagombea wote wawili, Nelson na mpinzani wake Erasto, walitakiwa wasimame kama wenye mnyama jikoni kwa Wegesa: kila fulana, kila lita ya petroli, kila kitu cha kampeni, waseme kimetoka kwa nani na huyo mtu anataka nini. Mzee Heche, aliyewahi kuwa mgambo na anayependa kusoma matangazo yote ya serikali, akatukumbusha kwamba hata sheria ya gharama za uchaguzi inamtaka mgombea aeleze anakopata. Kwa hiyo hatukubuni kitu. Tulikuwa tunakileta nyumbani tu.

Erasto alitangulia, akitabasamu, maana aliona mwenzake kaharibikiwa. Fulana kanunua mwenyewe. Mafuta kapewa na shemeji yake, na shemeji anataka barabara ya kwake ichongwe. Nikaandika.

"Na yale maspika yanayotutoboa masikio?" Wegesa akauliza.

Erasto akakohoa. Akakohoa tena. Maspika yalitoka kambini kwa watu wa kokoto.

Jamani! Kumbe walikuwa wamefunga kamba pembe zote mbili, ashinde huyu ashinde yule, kilima ni chao. Watu waliangua kicheko, nami nikacheka hadi kalamu ikaniponyoka. Kisha nikaacha kucheka, kwa sababu nilielewa jinsi tulivyokuwa tumekaribia kukipoteza kilima, na nikaogopa.

Nelson akasimama. Hakuwa amelala vizuri siku zile, ungeweza kuona. "Ng'ombe ni wa kampuni," akasema. "Fulana pia. Hawakuniomba chochote. Walisema tu nikishinda nisiwe mgumu, na mimi nikajidanganya kwamba hilo si ombi. Samahani, mama. Samahanini wote."

Wegesa akavua kitenge cha begani, akajifuta uso, akamsogelea, akamkung'uta vumbi mgongoni kama anavyomkung'uta tangu utotoni.

Dume tulilirudisha kwa miguu siku hiyo hiyo, likiwa limenenepa kwa majani yetu ya siku tano. Nelson alishika kamba. Erasto alifuata na mkokoteni wa maspika, na kwa kuwa betri ilikuwa bado na chaji, akayarudisha yakipiga muziki, wanawake wakicheza nyuma yake njia nzima. Mlinzi wa kambi hakujua aandike wapi kwamba amepokea. Nikampa daftari langu.

Kampeni zilimalizika kwa midomo mitupu, bila maspika. Mkutano wa mwisho kila nyumba ilileta chakula chake, tena kwa wagombea wote wawili kwa pamoja, na Wegesa akapika makande. Kila mtu alitaka kusimama kutaja alicholeta: "Maharage haya ni yangu, nataka maji." "Mahindi haya ni yangu, nataka nyumba ya mwalimu iezekwe." Ilichukua saa nzima, makande yakaungua chini. Tukala hivyo hivyo.

Nelson alishinda kwa tofauti ya kura thelathini na nane. Mkutano mkuu wa kijiji wa kwanza chini yake, kampuni ilifika na mkataba wenye jalada zuri na kreti za soda. Kabla kizibo hakijafunguliwa, Nelson akasimama. "Ndugu zetu, karibuni sana. Soda hizi ni za nani, na zinataka nini?" Soda zikarudi garini. Mkataba ukasomwa wote, neno kwa neno, mikono ikanyooshwa kuukataa, kilima kikabaki. Wakaambiwa watafute mawe yasiyo na maji chini yake, waje tena mikono mitupu, tutawasikiliza.

Mwezi uliopita Wegesa alihitaji barua ya kijiji ili apeleke mtamba wake mnadani. Foleni ofisini ilikuwa ndefu, na mimi nilikuwa wa nane. Wegesa akatupita wote, akaingia ndani, akaweka kibuyu cha maziwa juu ya meza ya mwenyekiti. Nelson akainuka, akamwamkia shikamoo kwa heshima zote, akapokea kibuyu kwa mikono miwili, akatoka nacho hadi barazani tulipokaa.

"Mama," akasema kwa sauti, "maziwa haya ni ya nani, na yanataka nini?"

Wegesa alifungua mdomo, pasitoke kitu. Miaka yote niliyomfahamu, ilikuwa mara ya kwanza. Halafu akacheka, akacheka hadi akashika mwimo wa mlango asianguke.

"Ni yangu," akasema, "na yanataka kuwapita watu kwenye foleni."

Akachukua kibuyu chake, akaja akaketi nyuma yangu, wa tisa. Akaanza kutumiminia mmoja mmoja katika kifuniko. Zamu yangu ilipofika nilimuuliza kwanza yanataka nini.

"Yanataka uache kulalamikia ile nyama, Mwalimu."

Nikanywa.