Mtoto wa Mbwa Niliyemwahidi Kanisani

Mdomo wangu hutangulia, mimi nafuata nyuma nikiomba msamaha. Ndivyo ilivyokuwa Jumapili ile kanisani kwetu Kitale, wakati wa kuahidi vitu vya mnada wa mavuno. Huyu aliahidi jogoo, yule debe la maharagwe, na jirani yangu wa Kibomet, ambaye hupenda kunipita kwa kila kitu, akaahidi kondoo. Kondoo! Nikajikuta nimesimama.

"Mimi nitatoa mtoto wa mbwa."

Nilipigiwa makofi ya kilo, mazito ya kanisa zima. Mbwa wa kwangu wanajulikana mpaka Cheptais, ni walinzi wasiohongwa kwa mfupa. Mwenyekiti wa akina mama akanitazama na kuitikia kwa kichwa mara moja. Huyo mama amezaa watoto kumi na mmoja, ana sauti ya kuamsha mtaa, na ahadi zote za kanisa huziweka kichwani bila kupoteza hata moja.

Nilikuwa nimesahau jambo dogo tu: huyo mtoto hakuwepo. Hakuwa hata tumboni.

Nyumbani nilikuwa na majike wawili, mama na bintiye. Mama alikuwa na miaka minane, binti miezi kumi. Bahati yangu, au ndivyo nilivyodhani, wote walishika joto mwezi uleule. Nikawapakia kwenye pikapu ya mahindi ya shemeji yangu tukaenda Tongaren, kwa mzee mmoja aliyestaafu kazi ya mifugo. Ndiye mwenye dume bora pande zile. Malipo yake hayabadiliki: watoto wakizaliwa, yeye huchagua wa kwanza.

Alinipa chai, kisha akafungua mdomo wa binti akachungulia meno.

"Hii iko na miezi ngapi?"

"Kumi na nne," nikasema bila haya.

"Meno inasema kumi. Na joto hii ni ya ngapi?"

"Ya kwanza."

"Aa, mama. Hii ni mutoto. Ati imeshika joto ndiyo izae? Ngoja ifike miaka mbiri, mwiri ikomae, ndiyo urudi."

"Basi huyu mama yake."

Alichuchumaa kwa shida, magoti yakilia, akampapasa mama tumboni taratibu. Aliuliza umri, na safari hii sikudanganya. Nikaongeza haraka kwamba bado anashika joto vizuri kama msichana.

"Si ndiyo shida, bana! Mbwa haiko kama nyinyi wamama. Nyinyi, miaka ikifika, mwiri inafunga duka peke yake. Mbwa haifungi. Itashika joto mpaka izeeke kabisa. Kufunga ni kazi yako wewe, na hii ungefunga tangu miaka sita."

Niliinamia kikombe changu. Duka langu mimi lilikuwa limefungwa mwaka mmoja kabla, na bado nilikuwa nikiamka nimeloa jasho nikimlaumu mume wangu kwa blanketi zito. Hakuna mtu aliyewahi kunieleza habari hizo, na sasa nafundishwa na mzee wa Tongaren huku ameshika tumbo la mbwa.

"Mzee, nimeahidi kanisani," nikasihi. "Mmoja tu."

"Mbwa haizai mmoja. Na mimi pia nataka kuchagua wangu, rakini hapana. Uzao wa mwisho ulikuwaje?"

Hapo nikapuliza chai iliyokwisha kupoa. Uzao wa mwisho ulikuwa uleule wa binti, miezi kumi nyuma. Watoto wawili walitoka wamekufa, na siku chache baadaye mama alianza kutetemeka miguu yote, macho yamemtoka, mpaka daktari akaja na sindano. Nilikaa sakafuni nikimshika kichwa na kumwambia sitarudia tena. Hiyo nayo ilikuwa ahadi, ila haikupigiwa makofi.

Nilirudi Kitale nimenuna. Mzee wa watu hakunikosea chochote, lakini nilimnunia njia nzima.

Kesho yake asubuhi dume la yule jirani wa kondoo lilikuwa limekaa nje ya geti langu, limejipanga kama mtu aliyekuja kuposa. Si dume baya. Mama alikuwa ndani, pua chini ya geti, mkia umegeuzwa upande. Ningeacha tu komeo wazi niende sokoni. Kisha ningeshika kiuno na kusema, ai, jamani, nani amefungua? Mkono wangu ulikuwa tayari kwenye komeo, na lazima niseme ukweli, nilikuwa nimeshalisogeza nusu.

Mama akageuka kunitazama. Sisemi alielewa, yeye alitaka geti lifunguliwe kuliko mimi. Mwili wake ulikuwa ukimdanganya na mimi ndiye niliyejua. Nikasukuma komeo likaingia mpaka mwisho, nikamrushia yule mchumba kigunzi cha mahindi. Nilijisikia mwepesi, halafu nikakumbuka mnada.

Siku ya mnada niliitwa nikasimama mikono mitupu. Nilieleza yote mbele ya kanisa zima: binti bado mdogo, mama amezeeka, amezaa vya kutosha, nimeamua apumzike. Anayetaka mtoto asubiri binti akomae. Jirani alikuwa akimpapasa kondoo wake kwa furaha isiyo ya Kikristo. Mwenyekiti wa akina mama akainuka polepole, nami nikajiandaa kuaibishwa.

"Hiyo mbwa yako iko na bahati," akasema. "Mimi nimezaa kumi na moja. Hakuna mtu alisimama mahali akasema, huyu amechoka, fungeni geti."

Akina mama walicheka mpaka leso zikatoka. Wanaume wakakagua viatu vyao, na pasta akatafuta kitu kwenye Biblia asikipate. Yeye mwenyewe hakucheka. Alisema atamsubiri huyo mtoto, akaketi.

Alisubiri mwaka mmoja na nusu. Binti alipopita miaka miwili nilimpeleka Tongaren, na mzee akamkagua meno tena kwa kunikomoa tu. Walizaliwa sita, wazima wote. Mzee alichagua wake, kisha mwenyekiti akaja kuchagua wa kwake.

Niliwatoa watoto nikawapanga juani wapendeze. Aliwapita. Alivuta kigoda mpaka kando ya ghala la mahindi, alipokuwa amelala mama mzee, mdomo mweupe kwa mvi, akamwekea mkono tumboni.

"Lala, mama," akamwambia, kwa sauti ambayo hatujawahi kuisikia kanisani. "Wewe lala."

Nikaingia jikoni kuongeza maji kwenye chai.