Hospitali Mbili, Mume Mmoja

Siku ile siikumbuki kwa mpangilio, mwanangu, maana akili yangu ilikuwa imevurugika. Nilikuwa bibi harusi bado, hapa hapa mtaani Buyenzi, hata hina haijafutika vizuri. Mume wangu Rajabu alikuwa makanika wa malori kule Zone Industrielle, kwenye viwanda. Asubuhi akaja mwenzake mbio, akasema Rajabu ameanguka na moyo umesimama.

Sasa sisi, ukituambia moyo umesimama, tunaelewa jambo moja tu. Mikeka ikatandikwa, shangazi zake wakaanza kulia, mjomba akaenda kununua sanda. Mchana akaja mtu mwingine, akasema wenzake walimkandamiza kifua wakamkimbiza hospitali ya serikali, moyo umerudi kupiga, ila hajaamka. Wallahi sikujua nilie au nicheke. Mjomba naye kafika na sanda mkononi, hajui aiweke wapi.

Kumbe vurugu ndiyo ilikuwa inaanza. Mashemeji walitaka Rajabu ahamishiwe kliniki moja ya Kiriri, kule mlimani kwa matajiri, kwa sababu kuna bosi fulani moyo wake ulisimama, akatibiwa kule, na sasa anaendesha gari. Wengine wakasema yupo mwingine alitoka kule kule hamjui mkewe. Mimi nikawa naitikia kila anayesema.

Baba mkwe, mzee mkali yule, alinitazama mpaka akachoka. Akaniambia, "We binti, unasikiliza nani alipona. Hao si mume wako. Nenda uwaulize madaktari, huku na kule: leo mutamufanyia nini? Na akiamka hajui kula, nani atamufundisha?"

Nikaenda. Daktari wa serikali hakunificha: mashine ya kumsaidia kupumua ilikuwa na mgonjwa mwingine. Lakini walikuwa na mtu wa kine, yule anayewazoesha wagonjwa kutembea tena, na ndugu wanaruhusiwa kukaa na mgonjwa. Kiriri mashine zipo, daktari wa moyo yupo, ila akishaamka anarudishwa nyumbani, basi. Nilitoka nimechanganyikiwa zaidi. Kila hospitali ilikuwa na nusu ya mume wangu.

Tukampandisha Kiriri kwanza, apate mashine. Alipofumbua macho na kupumua mwenyewe, nikaomba ateremshwe tena hospitali ya serikali. Nilitukanwa wee! Mashemeji wakauliza nani anamtoa mgonjwa kwa matajiri kumrudisha kwa maskini, labda nataka afe. Nikashikilia neno langu. Baba mkwe peke yake ndiye aliyepanda nasi ambulansi.

Pale chini mtu wa kine alimsimamisha kila asubuhi, nami nikamlisha uji kwa kijiko na kumtajia majina ya watu wake. Akajifunza kutembea, hata gereji akarudi. Jina langu halikumrudia vizuri. Mara nyingi aliniita dada, nami nikaitika. Kama tungemwacha Kiriri ingekuwaje? Sijui mpaka leo, nisikudanganye.

Kwa hiyo, mwanangu, moyo wa mtu wako ukisimama, usikimbilie mikeka. Mkandamizeni kifua, mpelekeni haraka. Kisha usiulize hospitali ipi inasifiwa. Uliza watamfanyia nini leo, uliza na kesho akiamka. Uliza hata wakikuona mjinga, hata kama kichwa kimekuvurugika kama changu. Na Mungu akujalie, siku ambayo wewe ndiye umelala huwezi kusema, awepo mtu pembeni yako wa kukuulizia.