Feni ya Lori la Baba na Jicho la Bibi

Wiki mbili zilizopita nilipeleka gari langu kwa fundi mjini Arua kwa sababu lilikuwa linachemka. Kijana alifungua boneti, akachomeka kifaa fulani, akaangalia simu yake, kisha akaniambia niache ufunguo nirudi kesho. Hata mikono yake haikuchafuka. Nikabaki nimesimama pale, nikinusa mvuke wa rejeta uliochanganyika na harufu ya dizeli, na nakuambia kweli, rafiki yangu, dakika hiyo sikuwa mjini tena. Nilikuwa Mvara, uani kwetu, nina miaka tisa, na lori la baba lilikuwa limeachama mdomo wazi mbele ya jiko la mama.

Siku zile lori liliharibikia nyumbani na lilitengenezewa nyumbani. Spana zililala kwenye gunia karibu na sufuria, na ukikaa vibaya wakati wa kula unaweza kukalia nati. Muhogo mkavu wa Ayivu, matofali, mbao, hata kwaya nzima iliyovaa majoho, vyote viliwahi kupanda mgongoni mwa lori lile. Baba alikuwa mtu wa Koboko, mama alikuwa mtu wa Ayivu, na lugha za kwao hazikukutana popote ila kwenye Kiswahili chetu cha huku kaskazini mwa Uganda, kile kilicholelewa na jeshi na soko. Ndani ya nyumba yetu watu walipendana, waligombana na walifungua injini kwa Kiswahili hicho.

Mwaka ninaoukumbuka, bibi yangu, mama yake baba, alikuwa hajaona kitu kwa miaka sita. Aliishi Lurujo, huko Koboko, kwenye boma la ukoo, na mtoto wa jicho alikuwa ameyafunika macho yote mawili mpaka yakawa na rangi ya maji ya mchele. Ndipo madaktari wa macho wakaja hospitali ya Arua kwa wiki moja. Walisema watafanya kazi mpaka Ijumaa, kisha watakwenda, na hakuna aliyejua watarudi lini. Bibi aliogopa kisu. Baba alimbembeleza siku tatu ndipo akakubali, lakini kwa sharti: atachukuliwa na mwanawe mwenyewe, kwa lori lake mwenyewe. Bodaboda ilikwisha kumwangusha mara moja, na magari madogo yalimtapisha. "Mtu mwingine akija kunichukua," alituma neno, "atanikuta nimeingia ndani na nimefunga mlango." Kila aliyemjua alijua kwamba mlango huo ungefungwa kweli.

Jumatano jioni baba akarudi kutoka kupakua matofali, na kabla hajazima injini tulisikia kishindo, kama mtu amepiga sufuria kwa mchi. Ubao mmoja wa feni, lile bapa la chuma linalosukuma upepo, ulikuwa umekatika. Ulikwaruza kava la feni, ukaanguka chini, na kwa bahati njema haukugusa rejeta. Injini ya dizeli bila feni inaweza kuzunguka mtaani, lakini barabara ya Koboko wakati ule ilikuwa ya changarawe tupu, ina milima, na lori lingechemka kabla halijafika mbali. Baba aliuokota ule ubao, akautazama, akasema tu, "Kesho asubuhi." Aliingia kula ugali wa muhogo na kunde zilizotiwa simsim ya kusaga, na akala vizuri. Baba alikuwa hivyo. Kitu kikivunjika, kwanza alikula.

Alhamisi, umande ukiwa bado kwenye majani, jirani yetu akaja na feni mkononi. Alikuwa askari mstaafu, fundi wa magari ya jeshi enzi za ujana wake, na mtaa mzima tulimwita Afande. Feni hiyo aliitoa kwenye lori bovu lililokuwa nyuma ya nyumba yake, la aina ileile ya letu, likiwa limeota majani mpaka kwenye usukani. Matundu manne ya bolti yalilingana kabisa na ya kwetu.

Kazi ilianza kwa utaratibu ambao nikifumba macho bado nauona. Walifungulia maji ya rejeta, yakatiririka kwenye karai, mekundu kwa kutu. Walilegeza mkanda. Baba alikata boksi la sabuni akaliegemeza kwenye rejeta, ili spana ikiteleza isitoboe vile vimirija vyembamba. Kisha bolti. Tatu zilitoka. Ya nne ilijificha nyuma ya kava, mahali ambapo mkono wa baba, mpana kama jembe, haukuweza kupita. Alijaribu, akakwama, akajikwaruza, akautoa mkono una damu.

"Mama watoto," aliita bila kugeuka. "Njoo na mkono yako."

Mama aliweka chini ungo aliokuwa akipepetea simsim, akavua bangili zake mbili akanipa nizishike, akaingiza mkono hadi kwenye kiwiko. Aliangalia mawinguni huku vidole vyake vikitafuta. Tukasikia nati ikilia kidogo, kisha ikaachia.

"Nimetoa," alisema. "Sasa mimi ni fundi, chakula mtapika nyinyi."

"Tutapika bolti," Afande alijibu.

Baba alishika mhimili wa pampu ya maji, ule unaobeba feni, akautikisa. Haukucheza. Feni mpya ikaletwa, na hapo ndipo kosa lilipotokea, kwa heshima na nidhamu zote. Feni ilikuwa na namba zilizopigwa kwenye chuma upande mmoja.

"Namba inaangalia mbele," Afande alisema. "Feni iko kama askari kwenye gwaride. Lazima anaonyesha namba kwa mkubwa."

"Mkubwa ni nani?" mama aliuliza kutoka kivulini.

"Mkubwa ni rejeta."

Baba hakubisha. Afande ndiye aliyemfundisha kuendesha, na neno la Afande juu ya gari lilikuwa amri. Wakafunga bolti zote nne, ile ya nne tena kwa mkono wa mama, wakakaza mkanda, wakajaza maji. Saa sita lori liliwaka. Feni ilizunguka vizuri, bila kelele. Afande akapiga saluti. Mimi nikakimbia kuchukua kitambaa changu cha kichwa, maana nilikuwa nimeahidiwa kwenda Lurujo.

Niliporudi, mshale wa joto ulikuwa umepita katikati. Lori lilikuwa limesimama tu, halikubeba kitu. Baada ya dakika chache mshale ukagusa nyekundu na mfuniko wa rejeta ukaanza kupumua. Baba akazima. Uso wake ulikuwa mtulivu, lakini nilimwona akiangalia jua kupima saa zilizobaki. Ili kumfikisha bibi mbele ya madaktari Ijumaa asubuhi, ilibidi tulale Lurujo usiku ule.

"Ni jua," Afande alisema. "Leo jua iko kali."

"Jua haiko ndani ya boneti," mama alisema.

Alikuja na ungo wake mkononi, simsim bado imo ndani. Alisimama mbele ya lori, akaitazama ile feni kwa muda mrefu, halafu akawageukia wanaume wawili wa watu.

"Baba watoto, angalia hapa. Mimi napepeta hivi." Akarusha simsim mara moja, makapi yakaruka. Kisha akamimina simsim kwenye beseni na kuugeuza ungo, tumbo chini, mgongo juu. "Sasa nikishika hivi, nitapepeta nini?"

"Hii ni injini," Afande alisema. "Haiko simsim."

"Upepo ni upepo, Afande. Hizi mbao ziko na tumbo na mgongo. Mumezifunga zinapiga upepo na mgongo."

Baba aliinama, akapitisha kidole kwenye ubao mmoja wa feni, upande huu, kisha upande ule, taratibu, kama mtu anayemkagua mtoto homa. Mama hakungoja jibu. Alichukua daftari langu, akachana ukurasa wa hesabu nilizokosa (alijua sitalia), akasema, "Washa."

Baba akawasha. Mama akaiweka karatasi mbele ya rejeta na kuiachia. Karatasi ilicheza kidogo, ikateleza, ikaanguka miguuni pake.

"Zima," baba alijiambia mwenyewe. Alishuka, akapekua lile gunia. Tulisubiri. Kisha akamnyooshea mama spana kwa mikono yote miwili, kama tunavyompa mkubwa kitu. "Anza na ile ya nne," alisema.

Afande aliketi juu ya ndoo akacheka mpaka akakohoa. "Jeshini kwetu," alisema, "hatukupewa ungo."

Safari hii namba ilitazama injini, matumbo ya feni yakageukia kule upepo unakotakiwa kwenda. Lilipowaka, sauti yenyewe ilikuwa nyingine, ngurumo nzito iliyotufagilia vumbi chini ya lori. Mama aliokota karatasi, akaiweka palepale. Ilinata kwenye rejeta kama imepigwa gundi. Mshale ulipanda, ukafika katikati, ukakaa. Baba alisubiri nusu saa nzima akiutazama, kisha akasema tupande. Mama naye alipanda. Hakuna aliyemwuliza kama anakwenda.

Tulilala Lurujo. Alfajiri ya Ijumaa tulimpandisha bibi kwenye kiti cha mbele, akakaa wima kama jaji, na kila mlima lori liliupanda bila kulalamika. Mama aliuangalia mshale, baba aliiangalia barabara. Saa tatu kasoro tulikuwa kwenye foleni ya hospitali. Kabla ya saa nane bibi alikuwa amefungwa bandeji kwenye jicho la kulia.

Jumamosi asubuhi nesi aliifungua. Bibi alipepesa jicho, akamtazama baba, akamshika kidevu. "Umezeeka, mtoto yangu," alisema, na baba, ambaye sikuwahi kumwona akilia, alilazimika kwenda nje kuangalia matairi. Kisha bibi akatoka kwenye jua akiongozwa na mama, akaliona lori. Alilizunguka lote, akagusa mlango uliofungwa kwa waya na taa iliyobandikwa kwa gundi.

"Hii ndiyo gari mlinibeba nayo?"

"Ndiyo, mama," baba alijibu.

"Mungu ashukuriwe sikuwa naona."

Lori lile liliuzwa kama chuma chakavu nikiwa sekondari. Afande tumekwisha kumzika, na uani Mvara sasa pana saruji na geti, na hakuna anayeruhusu mafuta yamwagike hapo. Bibi aliishi na jicho lake miaka kumi zaidi. Lakini ninachokumbuka zaidi ni safari ya kumrudisha Lurujo. Hakunyamaza njia nzima. Miaka sita gizani, na dunia ilikuwa imehama bila kumuaga. "Mabanda ya tumbaku ya hapa yalienda wapi? Na ile nyumba ya nyasi pale kwenye kona, watu wake? Nani alikata ile miti?" Baba alijibu moja baada ya jingine, kwa uvumilivu, na mimi niliyebanwa katikati niliona ajabu kwamba mtu anaweza kupewa macho na kitu cha kwanza akaanza kutafuta visivyoonekana.

Juzi nimepita barabara hiyohiyo. Sasa ni lami, laini, na gari langu lililotengenezwa lilikwenda kimya. Kila kona nilikuwa naangalia nje na kuuliza kama bibi, kwa sauti, ingawa kwenye kiti cha pembeni hapakuwa na mtu wa kunijibu.