Harieti, Nyar Migosi

Ninyi mliokulia Kisumu enzi za kuruka bladha, ile kamba ya mpira, mpaka rinda linachanika, mkarudi nyumbani mkifuata harufu ya omena inayokaangwa, mtanielewa nikisema kwamba ploti yetu ya Migosi ilikuwa na mpangaji ambaye hakuna aliyewahi kumwona. Jina lake Harieti.

Aliletwa na dada yangu Apiyo. Dada alikuwa amemaliza sekondari, yuko nyumbani akingojea nafasi ya chuo cha ualimu, na Mama akawa anamtuma soko la Otonglo. Huko alimkuta mama wa njugu akichana kitabu kinene cha Kiingereza apate karatasi za kufungia. Apiyo akampelekea magazeti ya zamani ya Baba, akapewa kitabu. Jalada lilikuwa limeshaenda na njugu, kwa hiyo mpaka leo sijui kinaitwaje wala nani alikiandika. Ilikuwa hadithi ya enzi za Malkia Viktoria. Nimewasimulia walimu kadhaa wa fasihi, na hakuna aliyeitambua.

Alasiri, akina mama wakisukana nywele kwenye veranda, Apiyo alitusomea akitafsiri papo hapo kwa Kiswahili, na Kijaluo pale utamu ulipozidi. Harieti alikuwa binti wa fundi viatu, anawashonea matajiri nguo. Kijana wa jumba kubwa akampenda. Mama wa kijana akataka aache cherehani, eti inaaibisha ukoo. Harieti akajibu kwamba ataingia na cherehani yake au haingii kabisa.

Mama Odhiambo, jirani yetu muuza samaki, aliweka kitana chini. "Huyo ni nyar Migosi," akasema, yaani binti wa Migosi. Jina likamganda.

Kisha Apiyo mwenyewe akaja kuposwa. Omondi alitoka Muhoroni, kwao wana mashamba ya miwa na matrekta. Yeye alikuwa akikaa Kisumu, wakaimba kwaya moja kanisani, na sisi watoto tulijua wanapendana, maana Apiyo alianza kwenda mazoezini mapema kuliko mchungaji. Wageni walipofika, nafasi ya chuo nayo ilikuwa imeshapatikana. Tulibanana dirishani kuchungulia kuku na soda.

Shangazi yake Omondi alifuta mdomo, akamgeukia Baba. "Kwetu hatakosa kitu. Sasa masomo ni ya nini tena?"

Baba aliitazama soda yake. Kuwakatalia wageni kulimshinda siku zote. Apiyo, aliyekuwa akiandaa, akaweka sinia mezani.

"Baba, Omondi nampenda. Lakini chuo nitaenda. Kama lazima niache chuo, basi siolewi."

Kutoka mlango wa jikoni Mama Odhiambo akasema taratibu, "Hata Harieti alikataa."

Baba akageuka. "Harieti ni msichana wa nani?"

"Wa hapa hapa, Baba Apiyo. Yule anayeshona nguo."

Baba aliona haya kutomjua jirani mbele ya wageni. "Aa, huyo," akasema. "Msichana mwenye adabu sana."

Jikoni kicheko kilipasuka mpaka sufuria ikaanguka. Omondi naye akatabasamu, akamwambia shangazi yake, "Acha aende asome. Mimi nitangoja." Hapo Baba akapata sauti yake. "Basi yameisha. Apiyo atasoma." Vigelegele vilisikika mpaka barabarani.

Siku iliyofuata, baada ya kuambiwa Harieti ni nani hasa, Baba alileta kiti chake verandani. Alisema anapunga upepo. Apiyo alipogeuza ukurasa, yeye ndiye aliyekohoa ili aendelee.

Dada alimaliza chuo, akaolewa na Omondi, akafundisha Muhoroni mpaka alipostaafu.

Binti zangu wana vitabu tele ndani ya simu, na sauti za kuwasomea masikioni. Wamesoma kunizidi, sikatai. Juzi niliwakuta kwenye kochi moja, kila mmoja anacheka kwa wakati wake. Nikauliza kuna nini. "Hutaelewa, Mama," wakasema, wala hawakuinua macho. Enzi zetu, hata aliyekuwa jikoni anakata vitunguu alijua tumefika wapi, na ukikosa siku moja, jirani alikuja kukusimulia kabla hujauliza.