Nilimwita Shemeji Mwizi kwa Sababu ya Ekseli ya Mbele

Nimekosa, na sitasema nilichochewa na mtu. Ni mimi mwenyewe, kwa mdomo wangu, niliyemwita kaka wa mke wangu mwizi mbele ya watu. Leo nyumbani kwangu napewa chakula, napewa maji ya kuoga, lakini maongezi hakuna.

Nitamwita Musembi, na majina mengine pia nimebadilisha. Alikuwa fundi wa magari hapo Sultan Hamud. Mimi ni mkulima, naishi ng'ambo ya mto wa mchanga, ule wa kupata maji wakati wa mvua tu, na nina pikapu ya zamani ya four-wheel. Kwetu, mvua ikinyesha, gari lisilovuta kwa magurudumu ya mbele ni pambo la boma tu.

Basi gari langu likaanza kukataa kushika mbele. Naingiza gia ya four-wheel, taa kwenye dashibodi inapepesa, magurudumu ya nyuma yanachimba mchanga peke yake. Nikampelekea Musembi. Akanieleza kuna kifaa kidogo kwenye ekseli ya mbele kinachounganisha magurudumu, nacho huvutwa na hewa inayopita kwenye mpira mwembamba kutoka kwenye injini. Kile changu kilikuwa kimekufa. Akaweka kingine, na gari likapanda kutoka mtoni bila taabu.

Lakini lilikuwa limelala kwenye gereji yake. Hilo halikunitoka akilini. Mimi ni mtu wa kushuku, hata mlango nilioufunga kwa mkono wangu hurudi kuutikisa.

Msimu wa ndengu ulipofika nikawashuku vibarua, nikawashuku na majirani. Ghala letu liko karibu na njia. Nikahamisha magunia yote hadi banda la gari, nikayapanga yakiegemea boneti, nikatia kufuli.

"Baba Mwende, panya watajaa hapo," mke wangu akasema.

"Panya hawabebi gunia," nikamjibu.

Gari lilikaa humo mpaka mvua ikaanza. Jumapili moja tulikuwa tunavuka kwenda kanisani, na katikati ya mto magurudumu ya nyuma yakazama. Nikaingiza four-wheel. Taa ikapepesa, mbele kimya. Mke wangu akashuka, viatu mkononi, na huko juu tunasikia maji yanakuja. Majirani walituvuta kwa ng'ombe, na hatukuwa tumepumua vizuri mto ulipojaa.

Hao ndio majirani niliokuwa nimewafungia ndengu.

Unajua nilichofikiria pale ukingoni? Si kumshukuru Mungu. Nilifikiria kwamba Musembi amenitolea kifaa kizuri akaniwekea takataka!

Kuna mwalimu mmoja ana pikapu kama yangu, naye fundi wake ni Musembi. Yeye alikuwa anavuka mto bila shida. Jumapili iliyofuata nikatoka katikati ya mahubiri, nikalala chini ya gari lake na suti yangu nikachungulia. Nikaona kifaa, nikasema moyoni, ni changu kile. Vyote hufanana, lakini hilo sikutaka kulijua.

Kesho yake nikaenda gereji. Wateja walikuwapo.

"Rudisha kitu yangu," nikamwambia Musembi.

"Kitu gani, shemeji? Leta gari hapa tufungue tuangalie pamoja. Inaweza kuwa ni ule mpira tu."

"Usiguse gari yangu tena. Kama wewe si mwizi, twende ukakule kithitu."

Kithitu ni kiapo cha zamani cha sisi Wakamba. Ukikila kwa uongo, inaaminika utakufa wewe na watu wako. Na mimi ni mzee wa kanisa! Musembi ameokoka, akasema kwa upole hawezi kuapa hivyo. Nikawageukia wateja nikawaambia, mmeona?

Basi ikawa hivyo. Kwetu mtu akikataa kithitu, watu hawaulizi tena. Magari yakaanza kuipita gereji yake. Mwishowe akaifunga akahamia Migwani, mbali na mama yake mzazi, na mke wangu akaacha kunisimulia habari za kwao.

Baadaye nikapeleka gari kwa fundi mwingine huko Kiboko, mke wangu akiwa nami. Yule fundi hakufika hata chini ya gari. Alifungua boneti, akachomoa ule mpira mwembamba, nao umetafunwa. Nyuma ya betri palikuwa na kiota kimejaa maganda ya ndengu.

"Mzee, kwani unafuga panya?" akaniuliza akicheka.

Mke wangu aliangalia maganda yale, kisha akaniangalia mimi. Niliona aibu ya kutaka ardhi inimeze. Fundi alitaka kuweka mpira mpya nikamkataza. Niliutaka mkono wa Musembi.

Nikaenda Migwani. Nilimwomba msamaha mbele ya wateja wake, nikalia. Akanipa chai, akasema, "Nilikusamehe kitambo, shemeji." Nikadhani yamekwisha.

Alipoinuka kwenda kwenye gari, akasimama kwanza. Akavuta mifuko yote ya ovaroli yake nje, akamwaga vyombo vyake vyote vya kazi juu ya gunia, akamwita mteja mmoja aje awe shahidi.

"Nisachi kwanza," akaniambia. "Halafu simama hapa uone mikono yangu mpaka nimalize."

Hakuwa na hasira. Afadhali angenitukana.

Wewe unayemshuku mtu wako, akikwambia njoo tuangalie pamoja, nenda mkaangalie. Mimi niliambiwa hivyo nikakataa. Siku hizi mbele inashika vizuri, na gari likihitaji huduma nalipeleka Migwani. Kila nikiingia, kabla sijazima injini, namwona shemeji yangu amesimama mlangoni, mifuko iko nje.