Walitoka Arobaini na Mmoja, Wakarudi Arobaini na Mmoja

Ndugu zangu, mimi ndiye niliyetoboa lile zizi. Sikutumia panga wala shoka. Nililitoboa mchana kweupe, nimesimama getini, kitabu cha serikali mkononi.

Jina langu sitaliandika. Mtanisamehe, au msinisamehe, yote sawa.

Zizi lenyewe lilikuwa Tarime. Ng'ombe walioibwa wakakamatwa njiani kuelekea mpakani waliwekwa humo mpaka wenyewe waje wawatambue. Mkonge pande zote. Seng'enge mistari sita. Nilihesabu mara mbili, ni sita. Mgambo wanne wenye bunduki. Kufuli mbili, ufunguo mmoja kwa mkuu wa zizi, mwingine kwangu mimi karani. Mtaani walisema hata kupe akitaka kutoka mle lazima awe na barua ya balozi wa nyumba kumi.

Ukarani niliupata kwa sababu ya macho yangu. Nilikuwa dalali mnadani, na ng'ombe wakipita mbio kama maji mimi nawahesabu bila kukosea. Halafu narudia. Mkuu alinipenda kwa hilo.

Lakini kila Alhamisi ng'ombe walipelekwa joshoni kuogeshwa. Wanatoka, mgambo anahesabu, nami nahesabu. Wanarudi, tunahesabu tena. Mgambo wawili waliotusindikiza walikaa upande wa kuingilia, maana huko ndiko ng'ombe hugoma. Upande wa kutokea nilikuwa peke yangu, pamoja na ng'ombe wa wanakijiji waliooga kabla yetu. Wote wamelowa, wote wananuka dawa.

Hapo ndipo aliponijia mchuuzi mmoja. Tumwite Chacha.

"Ndugu karani," akasema, "pale getini mnahesabu nini hasa?"

"Vichwa."

"Basi mimi sitakupunguzia hata kimoja. Nachukua kichwa, nakuachia kichwa."

Nikacheka. Jamani, ningejua kicheko kile kingenigharimu nini, ningemeza ulimi!

Alimtaka ng'ombe jike mmoja mwekundu, amenona, paji lake lina doa jeupe. Alikuja na mwekundu wake, mkongwe, mbavu zote nje. Kitabuni tuliandika idadi na rangi tu, basi. Mwekundu kwa mwekundu.

"Sukari kilo mbili," akasema.

"Wewe Chacha, hiyo ni ya kumlambisha ng'ombe au ya kunipa mimi?"

Tukavutana. Mnakumbuka sukari ilivyokuwa siku zile, na foleni zake. Nilimpandisha mpaka kilo nne, mche mmoja wa sabuni na doti moja ya kanga. Nikajiona mjanja! Tukarudi. Mgambo akahesabu: arobaini na mmoja. Nikahesabu: arobaini na mmoja. Nikarudia, kwa mazoea tu. Nikatia sahihi.

Nilijiambia huo si wizi. Kitu kikipotea si lazima kipungue mahali? Pale hapakupungua.

Ikapita wiki moja. Jumatatu asubuhi nikaona mzee anakuja getini, miguu imejaa vumbi mpaka magotini. Alikuwa Mzee Marwa kutoka Mbalibali, baba yake Mwita.

Mwita na mimi tulitahiriwa siku moja. Kwetu rika si urafiki wa kuchagua. Baba yake ni baba yako, na chakula chake nimekula tangu sijaota meno.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mura, kijana wangu! Kumbe ndiwe uko hapa? Basi nimeshafika nyumbani."

Ndivyo alivyosema. Nimeshafika nyumbani.

Akanieleza haraka. Ng'ombe wake watano waliibwa, amesikia wamo humu. Ndio waliobaki kumalizia mahari ya Robhi, mke wa Mwita, na mtoto wao alikuwa ameanza kutambaa. Baba yake Robhi alikuwa amechoka kungoja. Alisema mwezi ukiisha bila ng'ombe, anamrudisha binti yake na mtoto.

Utaratibu wetu ulikuwa hivi: mwenye ng'ombe anakaa nje, anamtaja ng'ombe wake kabla ya kumwona, mimi naandika. Halafu ndipo anaingia kumwonyesha.

"Mzee," mkuu akamwambia, "anza na yule ambaye hata ukiamshwa usingizini huwezi kumkosea."

Mzee Marwa akatabasamu. "Yule mwekundu. Paji lina doa jeupe. Pembe ya kushoto imeinama kuelekea jicho. Sikio la kulia limekatwa mara mbili. Nyuma ya goti ana kovu, alijikata na waya akiwa ndama, nikampaka dawa kwa mkono huu."

Kalamu yangu ilisimama pale pale kwenye sikio. Nilishika sikio lile mwenyewe, kule joshoni, nikimkabidhi Chacha kamba.

Tukaingia. Mzee akazunguka mara ya kwanza anatembea kama mtu aliye kwake. Mara ya pili akawa anawashika masikio. Mara ya tatu alisimama mbele ya yule mkongwe wa Chacha, akamtazama kwa muda mrefu, kisha akanitazama mimi.

"Hayupo," akasema. "Lakini wale wanne ni wangu. Yule, na yule..."

"Mzee," mkuu akamkatisha, "yule usiyeweza kumkosea hayupo, sasa hawa wengine nikuamini vipi? Hapa hatoki hata mmoja bila kuhesabiwa." Akanigeukia. "Karani! Kuna ng'ombe amepungua tangu hawa waingie?"

Ndugu zangu, mlango ulikuwa wazi. Neno moja tu! Ningefungwa, sawa, na Chacha angefungwa, na mzee angeondoka na wanne wake.

Nikafungua kitabu. Nikasoma kwa sauti nzuri kabisa.

"Walitoka arobaini na mmoja. Wakarudi arobaini na mmoja."

Hapakuwa na uongo ndani ya hesabu ile hata kidogo. Ndiyo maana ilimmaliza.

Mkuu akamwambia ashukuru kwamba hashtakiwi kwa kudai mali isiyo yake. Wale wanne walikaa mpaka muda wa kudaiwa ukaisha, wakauzwa. Nilihesabu walipotoka.

Mwezi uliisha. Robhi alichukuliwa na baba yake, mtoto mgongoni. Mwita hakulalamika. Alisema ng'ombe wanatafutwa, akavuka mpaka na wenzake watatu. Wenzake walirudi bila yeye. Niliwauliza, nikawauliza tena, jibu likawa lile lile.

Niliacha ukarani. Nikaenda Mbalibali niseme. Naapa nilikwenda kusema! Nikamkuta mzee amekaa nje, mbuzi wake wanatafuna majani mbele yake.

"Mura," akaniambia, "nihesabie hawa mbuzi."

"Baba, si uko nao hapa?"

"Mimi siamini tena macho yangu. Ng'ombe niliyemlea kwa mkono, nikamtaja vibaya mbele ya serikali. Uzee umenila kichwa, nikamwua mwanangu. Wewe hukosei. Nihesabie."

Nikahesabu. Watatu. Nikarudia. Watatu.

"Watatu, baba."

"Ahsante mwanangu."

Sikusema. Sijasema mpaka leo, na sasa mzee hasikii vizuri, wala hasomi. Hata nikipiga kelele, atadhani namfariji. Namwendea kila mwezi kumhesabia mbuzi. Ile kanga alivaa mke wangu mpaka ikachanika. Nimeikata vipande vya kufutia taa, bado ipo.

Wewe uliyewekwa kwenye geti lolote, la ghala, la zizi, la ofisi, nisikilize. Siku ukiulizwa swali mbele ya mtu anayesema kweli, funga kitabu kwanza. Mtazame usoni, halafu ndipo ujibu.

Mimi nilisoma kitabu. Hesabu ilitimia. Imetimia mpaka leo.